Nikisema nizikwe Dar, wanangu wanasema naleta uchuro

Ndugu Mshauri,

Sijui nikuamkie vipi maana umri wako siujui. Kama u mdogo kwangu, basi nipe shikamoo yangu kwenye majibu.

Mimi ni mama wa miaka 67, mjane, naishi Kimara tangu 1988. Kwetu ni Rombo, na mume wangu alikuwa Mrombo vilevile. Tulifunga ndoa kanisani mwaka 1979, tukaja Dar, tukajenga, tukazaa watoto wanne. Yeye alifariki mwaka 2011, tukampeleka kuzikwa kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yake. Coaster mbili, gari la maiti, chakula cha siku tatu hapa mjini na siku mbili kule mgombani. Rambirambi haikufika hata nusu ya gharama. Wanangu wawili walikopa, na deni lile lilikwisha baada ya miezi 14.

Mwaka jana nilipata kiharusi kidogo, mkono wa kushoto ukafa ganzi wiki tatu. Nimepona, ila presha na sukari ninavyo, na najua ninakoelekea. Nataka nijipange. Nimeamua nizikwe hapa Dar. Hapa ndipo ilipo jumuiya yangu, WAWATA (wanawake Wakatoliki) wenzangu na wajukuu zangu saba. Kule Rombo tangu mzee afe nimekwenda mara mbili tu. Mara ya pili nilikuta shemeji amepanda migomba hadi ukingoni mwa kaburi na amejenga vyumba viwili kwenye kile kihamba. Nilipouliza, akaniambia mwanamke wa mjini anauliza nini. Mume wangu ndiye alikuwa kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya baba. Mimi nikanyamaza, nikarudi zangu.

Mwanangu wa kwanza, yuko Dodoma, hataki hata kusikia. Nikianza tu, anasema, "Mama, usilete uchuro. Wewe utalala kwa baba." Wa pili, binti yangu, ananielewa. Anaishi na mimi pamoja na watoto wake wawili, ndiye anayenipeleka kliniki. Wa tatu yuko Mwanza, hasemi kitu. Wa mwisho anauza spea Kariakoo, yeye husema tu, "Tutaona huko mbele."

Nina shilingi 3,800,000 benki, akaunti yangu mwenyewe, nimeshawaambia hizo ni za kunizika. Pia niko kwenye kikundi cha kufa na kuzikana, tuko akina mama 40, mwanachama akifa familia inapewa 1,500,000. Sare yangu ya WAWATA nimeifua, nimeikunja, iko chini ya sanduku, ndiyo nitakayovikwa.

Ninachotaka kujua ni hiki: nikiandika kwenye wosia kwamba nizikwe Dar, mwanangu atalazimika kufuata? Na nikiandika nyumba ya Kimara apewe binti yangu kwa sababu ndiye anayenitunza, kaka zake wanaweza kuipinga? Hati ya nyumba bado ina jina la baba yao. Mirathi hatukuifungua, tuliona hakuna ugomvi.

Mama wa Kimara


MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo Mama. Pole kwa kiharusi, na hongera kwa mkono kurudi.

Umefunga mambo matatu kwenye ncha moja ya kanga: utakapozikwa, nyumba, na mtoto asiyetaka kusikia. Nitayafungua, ila si kwa mpangilio ule uliouliza wewe, maana hilo la mtoto naona ndilo lililoshika mengine yote.

Kwanza kuhusu wosia. Unauona kama amri itakayomkamata mwanao mkono. Tazama msiba unavyokwenda hapa mjini. Mtu akifariki saa nane usiku, alfajiri turubai limeshafungwa na viti vimeshushwa. Saa nne asubuhi kuna kamati, ina mwenyekiti, mweka hazina na daftari. Kabla ya adhuhuri mtu mmoja mwenye sauti ameshatangaza, "Tunasafirisha Alhamisi," na ujumbe umeshazunguka kwenye simu za ukoo mzima. Muda wote huo wosia uko kwenye kabati la wakili au umehifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Kwa kawaida unafunguliwa kwenye kikao cha familia baada ya mazishi, watu wakiwa wameshanawa mikono. Ukiandika mle ndani "nizikwe Dar", upo uwezekano sentensi hiyo isomwe ukiwa umeshalala Rombo siku tano.

Kuna jambo jingine. Wosia unagawa mali, na mwili wa mtu si mali. Matakwa yako yana uzito, hasa yakiandikwa na kusainiwa, lakini usiyategemee kama hati ya kiwanja. Watu wa rika lako wanakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno wa Nairobi. Alifariki Desemba 1986. Mjane wake alisema marehemu alitaka kuzikwa karibu na Nairobi, ukoo wake ukasema azikwe kwao Siaya. Wakavutana mahakamani, na mwili ukazikwa siku 154 baada ya kifo, ukoo ukiwa umeshinda kwenye Mahakama ya Rufani ya Kenya. Hukumu ile haizifungi mahakama zetu. Ninaitaja kwa sababu ya zile siku 154. Jambo la mazishi likishafika mahakamani, hata anayeshinda ameshachoka.

Kwa hiyo maneno ya mazishi yaandikie karatasi yake, mbali na wosia. Ukurasa mmoja unatosha. Andika majina yako kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, tarehe, mahali unapotaka kuzikwa na kwa nini. Taja parokia na jumuiya, watu watatu wa kupigiwa simu kwanza, fedha ziko wapi na nani anaweza kuzitoa, na yale usiyoyataka. Saini mbele ya watu wawili. Nakala moja apewe kila mtoto, moja katibu wa kikundi, moja mwenyekiti wa jumuiya. Ukibadili mawazo, andika mpya, na mstari wa kwanza useme karatasi ya tarehe fulani imefutwa. Karatasi mbili zenye maneno tofauti ni mbaya kuliko kutokuwa na hata moja.

Sasa huyu kifungua mimba. Umechukulia kwamba anakataa kwa sababu ya mila, au kwa kuogopa uchuro. Inawezekana. Lakini soma tena barua yako mwenyewe. Umeandika kuwa baba yao alikuwa kitinda mimba mwenye haki ya kile kihamba, kwamba baba yake mkubwa sasa amejenga pale, na kwamba ulinyamaza ukarudi. Kwa Wachagga kaburi ni alama ya umiliki. Makaburi mawili, la baba na la mama, yakiwa kwenye kihamba kimoja, ni vigumu mtu kusema watoto wa nyumba ile hawana kwao. Kaburi moja lililobanwa na migomba ya mwingine, miaka 20 ijayo halitasema kitu. Sidai kwamba ndivyo anavyofikiri, simjui. Lakini je, umewahi kumwuliza kwa nini anataka ulale kwa baba, ukamsikiliza hadi mwisho? Ikiwa sababu ni ardhi, basi mnabishana juu ya kaburi wakati ugomvi wenyewe ni wa kihamba, na huo una njia yake: kikao cha ukoo, wazee wanaojua mpaka, na baraza la ardhi la kata wakishindwana. Linaweza kushughulikiwa ukiwa hai, na wewe ndiye shahidi aliyebaki.

Na wewe pia, Mama, jiulize. Unaikataa Rombo, au unamkataa shemeji? Au unaogopa wanao wasije wakakopa tena? Hayo ni mambo matatu tofauti. Kama shemeji angeng'oa migomba yake kesho na fedha zikawepo, bado ungechagua Dar? Ukijibu ndiyo, hata mwanao atasikia kwamba si hasira.

Tuiangalie Dar yenyewe, maana nayo si rahisi kama inavyosemwa. Makaburi ya zamani kama Kinondoni yamebanana mno. Kaburi jipya linachimbwa ubavuni mwa jingine, na msalaba wa mbao usipojengewa haraka, baada ya masika mbili tatu hamjui ni lipi. Ukichagua Dar, ulizia sasa hivi parokiani na kwa mtendaji wa kata: wa Kimara wanazikwa wapi leo, nafasi ipo, inalipiwa nini, na je kujengea kunaruhusiwa. Sehemu za bondeni kaburi linajaa maji wakati wa masika, kwa hiyo wachimbaji wanahitaji kuanza asubuhi ileile na jirani yao pawe na ndoo. Wapo wanaonunua kipande cha shamba nje ya mji ili kiwe makaburi ya familia. Hatari yake ni kwamba wajukuu huja kuuza shamba, na mnunuzi hajui aliyelala pale. Aidha, kuzika kwenye eneo lililopimwa kwa makazi si jambo la kujiamulia. Halmashauri lazima iulizwe.

Rombo nako kuna hesabu yake. Ni zaidi ya kilomita 550. Mwili unahitaji dawa ya kuhifadhi na kibali cha kusafirisha, juu ya kibali cha mazishi. Gharama inayoumiza zaidi ni watu, kwa sababu jeneza moja linavuta Coaster mbili, kila Coaster watu 28 hivi, na wote wanakula njiani, wanalala na wanarudi. Ndiyo maana familia nyingine sasa zinafanya misa na kuaga hapa Dar, WAWATA wanaimba, jumuiya inakula, kisha wanasafiri watu 10 tu na gari la maiti. Au kinyume chake: mama anazikwa Dar, na siku ya kumbukumbu ya mwaka watoto wote wanakwenda Rombo, wanajengea kaburi la baba na kuweka uzio. Hili la pili linatuliza watu ambao tatizo lao ni kihamba. Halitamtuliza anayeamini kwa moyo wote kwamba mume na mke wanalala pamoja.

Chakula usikidharau, ndicho kinachozaa madeni. Wapishi wa shughuli wanahesabu kilo moja ya mchele kwa watu 6 hadi 8. Kwa hiyo watu 150 ni kilo 25, na nyama kilo 15 ikipikwa pilau. Zidisha kwa milo ya siku tatu na utaona kwa nini rambirambi ya 2011 haikufika nusu. Kwenye karatasi yako unaweza kuandika wazi: mlo mmoja tu, siku ya kuzika, siku nyingine chai na mkate. Likitoka kwako, hakuna atakayewaita wanao mabahili. Likitoka kwao, watasemwa.

Fedha sasa. Hizo 3,800,000 zilipo hazitakuzika. Benki ikipata habari ya kifo inafunga akaunti, na haitoi kitu mpaka msimamizi wa mirathi alete barua ya mahakama, jambo la miezi. Kumwandika mtoto kwenye fomu kama ndugu wa karibu hakumpi ruhusa ya kutoa. Mtoto kutumia kadi na namba ya siri ya marehemu usiku wa msiba hutokea sana, na ndugu wakija kuomba hesabu huwa ndiyo chanzo cha kuitana wezi. Ipo njia ya akaunti ya pamoja ambayo yeyote kati yenu wawili anaweza kutoa. Hakikisha benki inaandika hivyo, maana ile ya "wote wawili wasaini" haisaidii. Hatari yake ni kwamba mwenzako anaweza kuitoa ukiwa hai, na wengine watauliza kwa nini yeye. Wapo wanaomwunganisha mtoto anayekaa mbali badala ya anayeishi naye, ili mizani isiegemee upande mmoja. Ile ya kikundi ndiyo fedha ya haraka kuliko zote, ila soma katiba yenu: mwanachama aliyechelewesha michango miezi mingapi anapoteza haki, na nani hasa anakabidhiwa. Hakikisha jina hilo limeandikwa kwenye daftari.

Nyumba nimeiacha hadi hapa kwa sababu ndiyo yenye habari utakayoipokea kwa uzito. Hati ina jina la marehemu, mirathi haikufunguliwa. Kwa hiyo leo huwezi kumwachia binti yako nyumba nzima kwa wosia, hata ukiandikiwa na wakili bora. Sehemu ni yako kwa jasho la ndoa, lakini sehemu ya baba yao ina warithi, na watoto wote wanne wamo. Hatua ya kwanza ni kufungua mirathi ya mumeo. Kuchelewa hakujafunga mlango, ila mtaulizwa sababu. Mtahitaji cheti chake cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia uliosainiwa, na jina la msimamizi mnayemkubali.

Mahakama ipi? Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi inayofuata mila au Uislamu. Mumeo alifunga ndoa ya kanisani, akaishi mjini, lakini akazikwa kihambani kwa mila. Mtu anaweza kusema sheria yake ni ya mila, mwingine akasema si ya mila, na mashauri yamewahi kufutwa baada ya miaka kwa sababu yalianzia mahakama isiyohusika. Tofauti si ndogo. Kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika hapa kwa Wakristo wasiofuata mila, mjane anapata theluthi moja na watoto theluthi mbili. Kwa sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963, mjane mwenye watoto hana fungu lake, anategemea kutunzwa na wanawe. Kabla ya kujaza fomu yoyote, nenda TAWLA au WLAC. Wote wana msaada wa sheria kwa wanawake hapa Dar. Na angalia majina. Akina mama wengi NIDA inawaita kwa jina la baba, benki kwa jina la mume, na cheti cha ndoa kwa jina la ubatizo. Hayo yanarekebishwa kwa hati ya kiapo ukiwa hai; ukishafariki wanabaki kuhangaika wengine.

Mirathi ikishafungwa, ndipo mnaweza kuzungumza juu ya binti. Kaka zake wanaweza kumwachia mafungu yao kwa maandishi mbele ya mahakama. Wanaweza kukubali akae pale yeye na watoto bila nyumba kuuzwa kwa miaka mnayoitaja. Au unaweza kumwachia fungu lako peke yake. Kila moja lina ubaya: la kwanza linahitaji ukarimu wa watatu, la pili linaahirisha ugomvi, la tatu linamfanya mmiliki mwenza na kaka zake. Kumtunza mzazi ni kazi, na ni haki kuitambua. Ila hakikisha wengine wameisikia sababu kutoka kinywani mwako, wasije wakaisoma kwenye karatasi wakadhani dada yao alikuandikisha.

Wosia utakapofika wakati wake, chagua mashahidi wawili wanaojua kusoma, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, na wote wawili wasiwe warithi wala wenye kupewa chochote. Ukifanya hivyo utakuwa umetosheleza sheria zote mbili nilizozitaja. Saini kila ukurasa mbele yao. Kwa kuwa ulipata kiharusi, wiki hiyohiyo chukua barua ya daktari inayosema akili yako ni timamu. Bila hiyo, hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho mtu atakishika kuupinga. RITA wanaandika na kuhifadhi wosia, na unaweza kuubadili wakati wowote.

Nirudi kwa mwanao. Neno "uchuro" lina maumivu ndani yake. Huyu alimzika baba, akaona deni likilipwa miezi 14, na sasa mama anamwambia jiandae tena. Usimwanzie na kaburi. Mwanzie na mirathi ya baba yake, jambo ambalo halina uchuro na linahitaji saini yake. Akija Dar kwa kikao hicho, wote wanne wakiwa wamekaa, uliza habari ya kihamba kabla hujataja Kimara wala makaburi. Mpe nafasi na yule wa Mwanza asiyesema, huenda ana neno. Kitinda mimba mwulize "huko mbele" ni lini. Unaweza usipate jibu siku hiyo. Unaweza pia kujikuta wewe ndiye uliyebadili mawazo, na si lazima iwe ni kushindwa.

Na ile sare ya WAWATA, Mama, itoe chini ya sanduku. Itundike mahali binti yako anapopajua, pamoja na kilemba na rozari. Nguo za marehemu hutafutwa usiku, kwa haraka, na mara nyingi umeme umekatika.